Chati Mlangoni mwa Bibi

Wazo la kufuga farasi lilikuwa la mume, na lilimjia kama yalivyomjia mawazo yake yote makubwa: akiwa ameketi. Alikuwa mwalimu wa udereva. Baada ya miaka kumi na tisa ya kukaa kiti cha kushoto akisubiri kugongwa, alimtangazia mkewe kwamba moyo wake unahitaji upepo. Upepo ulikuwepo hata kwenye ghorofa yao ya tatu, tena wa bure, lakini yeye alitaka upepo wenye farasi ndani yake.

Basi wakahama. Walipata nyumba ya vyumba viwili na nusu, hiyo nusu ikiwa ni jiko, pamoja na uwanja wa nyasi, banda la mbao na farasi wawili walioachwa na mwenye shamba kama watu wanavyoacha mapazia. Wa kwanza, jike mzee wa kahawia mwenye subira ya kutisha, walimwita Bibi. Wa pili walimwita Mkurugenzi, kwa sababu alikula kwa wakati, hakufanya kazi yoyote na hakupenda kusogelewa bila miadi. Mpango ulikuwa kufundisha watoto kupanda farasi kila Jumamosi, kwa hiyo mpango mzima ulikaa mgongoni mwa Bibi. Mkurugenzi alishinda uwanjani akila majani, na hakuna aliyethubutu kumpangia jingine.

Mke alikuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wanaume. Kazini walimwita Sista, na mumewe naye alimwita hivyo nyumbani, mwanzoni kwa utani, siku hizi kwa tahadhari. Alikubali kuhama baada ya kubembelezwa miezi minne, akaendelea na zamu zake hospitalini, na jambo la kwanza alilofanya shambani ni kutundika chati kwenye mlango wa banda la Bibi. Asubuhi, mchana, jioni. Chakula, maji, choo, sahihi. Mumewe alicheka mpaka akakohoa, kisha akaahidi kuijaza, maana yeye ndiye aliyeshinda nyumbani siku nyingi.

Hakujua anaahidi nini. Wodini Sista alikuwa na sifa moja iliyowakondesha wauguzi wageni: aliweza kuinusa chati iliyojazwa kabla kazi haijafanyika. Wawili alikwisha kuwaita ofisini kwa kosa hilo, na mmoja wao alilia hadi getini.

Jambo la pili alilofanya hakulitangaza. Alisukuma chini ya kitanda sanduku lenye nguo za wiki mbili, viatu vya kutokea na taulo mpya ya rangi ya chungwa. Dada yake mkubwa alikuwa amemwambia chumba kipo na shuka zimetandikwa, aje siku atakayochoka kunuka samadi. Hakukusudia kwenda. Hakukusudia kutokwenda vilevile. Kila alipofagia, ufagio uligonga sanduku, naye akafagia upande mwingine.

Miezi mitatu ikapita. Mume akanunua kofia pana na buti za ngozi, akawa anasimama uzioni, mguu mmoja juu ya ubao, akiwaeleza wageni habari za farasi kwa ufasaha wa mtu aliyezaliwa zizini. Alitia chumvi mpaka wageni wakaomba maji. Sista alimtazama kutoka dirishani akijiambia kwamba haidhuru, angalau mmoja wao ana raha.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya watoto wa kwanza kuja, alirudi kutoka zamu saa tisa alasiri akamkuta Bibi anahangaika bandani. Analala, anainuka, anajipiga tumbo kwa kwato, anageuza shingo kuutazama ubavu wake kama anayemtafuta aliyemfinya. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo nzima. Chini palikuwa na makapi machache ya shayiri, mengine yote yamelambwa.

Sista aliangalia chati. Asubuhi, tiki. Mchana, tiki. Jioni pia, tiki, na sahihi ya kupendeza chini yake. Jioni ya siku gani, hilo hakuhitaji kuuliza.

Alimpigia simu daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa na mume angeweza kusubiri. Daktari alikuwa anamzalisha ng'ombe mbali huko, angefika baada ya saa mbili. Aliagiza chakula chote kiondolewe na Bibi atembezwe polepole bila kusimama, asiachwe kujigaragaza. Utumbo ukijisokota, alisema, hakutakuwa na la kufanya.

Mume alitokea na buti zake zinazong'aa, akasimama nje ya geti la uwanja wakati Sista akimtembeza Bibi kwa kamba. Aliulizwa ametia ndoo ngapi. Akajibu kwamba zote tatu, asubuhi. Aliulizwa kwa nini. Hapo akainama kufuta buti ambazo tayari ziling'aa. Sista akamwagiza taulo ya kumfutia mnyama jasho, naye akaondoka mbio kama mtu aliyesamehewa.

Akarudi na taulo ya rangi ya chungwa.

Sista aliipokea. Ilikuwa bado imekunjwa alivyoikunja mwenyewe. Alimfuta Bibi shingo, akatoa kipimo cha kusikilizia moyo kwenye mkoba wake wa kazi, akamwonyesha mumewe ile kamba.

"Shika, nimsikilize tumbo."

Mume hakusogea.

"Siwezi," alisema. "Namwogopa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tuliyokuja kuangalia shamba. Alipiga chafya."

Ikatoka yote, polepole. Siku zote alipitisha chakula juu ya mlango kwa koleo la mpini mrefu, mara tatu kwa siku, roho mkononi. Jana Bibi alinyoosha shingo akamnusa kofia. Leo akaona bora amalize kazi yote kwa mkupuo mmoja.

"Na wewe ndiye uliyenileta huku," Sista alisema.

"Ndiyo mimi. Na lile sanduku nimeliona tangu wiki ya kwanza. Nilijua nikisema naogopa, utalivuta."

Hasira ilimpanda Sista hadi utosini, na aibu ikaifuata nyuma. Miaka yote aliwinda chati za uongo, na ya kwake ilikuwa chini ya kitanda, inafagiliwa pembeni. Bibi alianza kukunja magoti. Hapakuwa na nafasi ya kukaa kikao.

"Shika kamba, Mwalimu. Ogopa huku unatembea."

Akaishika. Jasho jembamba lilimtoka chini ya kofia pana, kama linavyomtoka mwanafunzi wake wa siku ya kwanza, lakini akatembea. Kufika kona ya pili alikuwa anamwambia Bibi apunguze mwendo, aangalie kulia, asiwe na haraka, barabara ni yao wote. Sista alisikiliza tumbo: kimya upande mmoja, kimya upande wa pili. Alisali, jambo ambalo halikuwa na nafasi kwenye chati.

Daktari alifika, akamchoma Bibi sindano, akampitishia mafuta kwa mpira puani, akasema sasa ni kungoja choo. Wakangoja. Jua likiwa bado juu ya paa la banda, Bibi aliinua mkia na kuwapa samadi ya kutosha. Sista, mwanamke mwenye vyeti vitatu ukutani, aliegemea uzio akalia kwa furaha ya mavi. Mumewe hakuiachia kamba mpaka alipoambiwa mara mbili.

Watoto wa Jumamosi waliahirishwa.

Kesho yake Sista alirudi saa tisa na kwenda bandani hata kabla ya kuvua sare. Taulo ya chungwa ilikuwa imeanikwa juu ya mlango, imejaa manyoya, haifai tena kwenda nayo kwa dada wa mtu. Bibi alikuwa anatafuna taratibu. Mkurugenzi alikuwa nje, anasimamia.

Akasoma chati. Asubuhi: majani yaliyolowekwa, kidogo. Nimeogopa. Nimeingia. Mchana: maji, choo kizuri. Nimeogopa. Nimeingia. Amenusa kofia.

Sehemu ya jioni ilikuwa tupu.