Shemeji Mlangoni

Tangu Riziki aolewe Majengo, mtaa wa Goma, shemeji yake Assumani hakuwahi kukaa naye chumbani wawili tu. Mumewe Sumaili akisafiri, Assumani alipokea sahani yake uani, akamsalimu kwa mbali, kisha akaenda kulala msikitini. Aliisoma dini na kuishika: mwanamume asiye maharimu hakai faraghani na mke wa mtu, na shemeji ndiye wa kuogopwa zaidi. Riziki alimheshimu kwa hilo.

Asubuhi vita vilipoingia Goma, Sumaili alikuwa Bukavu na simu hazikupita. Assumani alikuja kumlinda mke wa kaka yake, akabaki uani. Bomu likaanguka kwa jirani. Kipande cha chuma kikapasua ukuta wa mbao, kikamchana Riziki paja.

"Shemeji! Niko nakufa!"

Kivuli cha Assumani kilisimama nyuma ya pazia la mlango, hakikusogea.

"Ngoja nimuite Mama Kahindo," akasema, na Riziki akamsikia akikimbia juu ya mawe meusi ya volkano.

Riziki alibaki amekandamiza paja kwa mikono miwili. Damu ya moto ilipita kati ya vidole, ikaloanisha mkeka. Alitamka shahada. Kisha akakasirika, maana hakutaka kufa, halafu akaogopa asije akawa amemkasirikia Mungu.

Assumani alirudi peke yake, anahema. "Mama Kahindo amekimbia. Batu bote bamekimbia. Hakuna mwanamuke hata mumoja."

"Basi ingia wewe."

Assumani alishika pazia, akaliachia.

"Shemeji, nakuomba. Dini haikatazi kuokoa mutu."

"Ninajua." Alikuwa akilia. "Ninajua, lakini miguu inakataa."

Hatimaye aliingia, macho ameyafumba, akipapasa hewani.

"Fungua macho! Ukifunga mubaya, nakufa!"

Akafungua. Akararua kanzu yake, akalifunga paja kwa kitambaa hicho juu ya jeraha, akakaza mpaka Riziki akapiga kelele. Akambeba mgongoni hadi hospitali, risasi zikilia upande wa Murara, naye akiomba msamaha wa Mungu njia nzima kama mtu aliyeua.

Riziki alipona, lakini kwa kuwa alichelewa kufikishwa, mguu walimkata juu ya goti.

Sumaili alipofika, Riziki alimsimulia yote, hata ule muda wa pazia. Sumaili akatoka kumtafuta mdogo wake, ambaye hakuwa ameingia wodini hata mara moja. Riziki aliwasikia dirishani.

"Yaya, kaka yangu, unisamehe. Nilimugusa muke wako. Nilimubeba."

"Hilo sikuulizi," Sumaili alisema polepole. "Ulisimama mulangoni kwa nini?"

Riziki alitaka kuita, aseme kwamba mwishowe Assumani aliingia, kwamba bila mgongo wake angezikwa. Lakini hasira ya mkekani ikarudi. Akageukia ukuta, akamwacha shemeji yake asimame nje bila mtetezi.