Mstari Mweupe wa Baba

Gari lilitetemeka tena lilipokata kona ya kuingilia gereji, na Kitinda akalisikia kabla hajaliona. Gurudumu la mbele upande wa kushoto liligonga mfululizo, kisha likanyamaza usukani uliponyooka. Dada yake mkubwa alizima injini, akabaki ameng'ang'ania usukani. Nyuma, mama yao alikuwa amejilaza na blanketi magotini, uso umemvimba.

"Jana halikuwa hivi," dada akasema. "Nikikata kulia linanitetemesha mpaka meno. Na saa nne lazima mama awe amefika. Tukichelewa mashine anapewa mwingine, yeye asubiri keshokutwa."

"Keshokutwa hafiki," Kitinda akasema kwa sauti ya chini, na wote wawili walijua hivyo.

Ilikuwa saa mbili kasorobo. Hospitali ya kusafisha damu ilikuwa chini ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu, kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba na mkono mwingine hewa tupu. Gari jingine pale uani lilikuwa moja, nalo lilikaa juu ya matofali bila injini.

Baba yao akatoka ofisini akifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa safi. Wateja walimwita Mzee Mstari. Kila nati aliyoikaza aliipiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilichoishika. Nati ikilegea mstari unakatika, na hata mtoto ataona. Sheria ya gereji ilikuwa kwamba nati yenye mstari haiguswi na spana ya mtu mwingine. Ukiigusa, umemwambia mwenzako mbele ya watu kwamba kazi haijui. Kitinda mwenyewe aliwahi kumnunia fundi mmoja wiki nzima kwa kosa hilo, na hakujuta.

"Tairi hilo," baba akasema. "Linataka balansi. Waende taratibu, watafika."

"Balansi inatetemesha kwenye mwendo mkali, baba. Hili linatetemeka likikata kona, tena polepole."

"Basi beringi."

Kitinda akamwomba dada azunguke uani, naye akatembea kando ameinama, sikio karibu na gurudumu. Kukata kushoto, kimya. Kukata kulia, uzito ulipolalia kushoto, kishindo kikarudi. Akapiga jeki. Akazungusha gurudumu kwa mkono, likaenda laini bila kukwaruza, kwa hiyo beringi haikuwa na kosa. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa: viungo vya usukani havikucheza. Nati za tairi zilikuwa zimebana. Saa ya ukutani ilisema mbili na dakika ishirini, na mama alianza kukohoa kule nyuma.

Ikabaki sehemu moja. Alijua tangu mwanzo, akajitia hamnazo. Jumamosi baba alikuwa amefunga boljointi mpya, kile kiungo cha chini kinachobeba gurudumu na kuliacha ligeuke. Kitinda akaingiza mtaimbo chini yake, akainua. Kiungo kikacheza upana wa ukucha.

"Baba, njoo uone."

Mzee akachuchumaa kwa taabu, akamulika tochi. "Mstari huo hapo. Umenyooka kama nilivyoupiga. Nati haijasogea hata unywele."

Ilikuwa kweli. Kitinda aliutazama ule mstari mweupe, safi, usio na ufa. Mstari ulisema nati ipo pale pale ilipoachwa. Haukusema iliachwaje.

Akanyoosha mkono, akachukua spana ndefu.

"Usiiguse," baba akasema.

"Mama amelala humo ndani."

"Nimekwambia usiiguse, mwanangu." Sauti haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya kuomba, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mnagombana nini huko chini?" mama akauliza dirishani.

Kitinda akakaza roho, akavisha spana kwenye nati, akavuta. Alitegemea igome, aone aibu, aombe radhi mbele ya dada yake. Nati ikazunguka. Ikazunguka nusu, ikazunguka nzima, ndipo ikaanza kubana, na mstari mweupe ukakatika vipande viwili. Aliendelea kuvuta mpaka mabega yakamuuma. Mtaimbo alipouinua tena, kiungo hakikucheza.

Baba alikuwa amekaa chini sakafuni, mkono wa kulia ameuficha kwapani.

"Unakufa ganzi," akasema. "Siku hiyo uliniishia nguvu katikati. Ningekuita, ungejua. Nikapaka rangi."

Kitinda alitaka kumfokea. Alitaka pia kuushika ule mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo, maana saa ilikuwa inakwenda. Akashusha jeki, dada akazunguka uani mara tatu, kulia, kulia, kulia tena, na gari likapita kimya.

"Nendeni," akasema. "Kila baada ya kona tano simama usikilize. Ukihisi chochote, nipigie."

Mama akapunga mkono, gari likatoka getini. Wakabaki wakilisikiliza likiteremka mpaka lisisikike tena.

"Ulianza lini?" Kitinda akauliza. "Huo mkono."

Baba akautoa mkono kwapani. "Miezi miwili sasa."

Kitinda akahesabu kichwani magari yaliyopita gereji kwa miezi miwili, yote yana mistari myeupe, mizuri, iliyonyooka. Akaegemea meza ya kazi.

Mzee akainuka peke yake. Akaingia ofisini, akatoka na daftari la wateja na simu, akafungua kurasa za miezi hiyo miwili, akabonyeza namba kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Ni mimi, Mzee Mstari," akasema ilipopokewa. "Uko wapi? Simamisha gari. Usikate kona nalo tena. Binti yangu anakuja."