Mpira wa Tyubu Kwenye Jiko la Gesi

Katika nyumba ya yule fundi pikipiki karibu kila kilichovunjika kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu: mpini wa nyundo, mguu wa kitanda, fimbo ya ufagio. Alikata tyubu kuukuu vipande virefu vyembamba, akavivuta mpaka vikakaribia kukatika, akafunga. Havikuwahi kufunguka. Kwa hiyo asubuhi hiyo, alipoona ufa kwenye mpira wa gesi karibu na mtungi, alifanya alichozoea. Akanusa, hakusikia kitu, akaenda kazini.

Saa nne na robo alikuwa akikaza mnyororo wa pikipiki ya nesi wa wodi ya majeraha ya moto.

"Dada, mbona leo umenuna?"

"Jana tumempokea mama mmoja, uso na mikono yote. Mpira wa gesi ulitoboka, mumewe akauzungushia plasta. Plasta, fundi!"

Fundi akacheka. "Huyo naye. Si angetumia tyubu?"

"Tyubu ni yale yale. Gesi inapenya chini yake, halafu ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Wewe unanusa juu, yenyewe iko miguuni. Mpira wa gesi haufungwi, unabadilishwa."

Spana ilisimama. Kule nyumbani mama yake hubandika sufuria saa nne na nusu, kwa sababu dawa yake ya presha huimeza saa sita na lazima awe ameshakula.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Mama huiacha simu chumbani, kwenye chaji.

"Dada, nipe funguo. Nitakueleza njiani."

"Pikipiki ni yangu. Wewe panda nyuma."

Fundi alieleza kwa sauti ya juu, maneno yakipeperuka. Kwenye kila makutano alimgonga nesi begani kumwonyesha njia.

"Ukinigonga tena tutaanguka wote wawili," nesi alisema, akaongeza mwendo.

Mama alikuwa uani, kando ya bomba. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na wa kushoto ulishika dawa ya meno.

"Mmefuata nini saa hizi? Chakula hakijaiva."

"Hiyo iache, mama, ni ya meno," nesi alisema. Alifungua bomba, akauweka mkono chini ya maji, akamvua bangili kabla mkono haujavimba. "Dakika ishirini, halafu hospitali. Ilikuwaje?"

"Niliwasha, moto ukapanda kutoka chini. Nikafunga koki ya mtungi, nikatoka."

Fundi alikimbilia jikoni.

"Usiguse swichi!" nesi alipiga kelele. "Fungua madirisha tu!"

Alifungua. Kwenye mtungi, kipande cha tyubu kilikuwa kimeungua na kukunjamana. Alirudi uani, akaenda hadi getini, akarudi.

"Dakika ngapi?"

"Nne."

Akaenda getini tena. "Sasa?"

"Nne na nusu. Tulia, fundi."

"Ni macho yangu haya," mama alisema, akitazama maji. "Pengine jana sikuzima vizuri. Nimezeeka. Tafuteni mtu wa kupika, mimi basi."

Nesi alimtazama fundi. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, ingawa grisi ilikuwa imekauka zamani. Alifika nusu ya njia ya getini, akageuka.

"Mama, si macho yako. Mpira ulikuwa na ufa. Nimeufunga mimi leo asubuhi, kwa tyubu."

"Kwenye gesi?"

"Kwenye gesi."

"Na hukuniambia?"

"Sikukuambia."

Mama alimtazama mpaka fundi akainamisha uso.

"Njoo uushike huu mkono," alisema. "Unanichosha na hiyo safari yako ya getini."

Fundi aliushika kwa chini, kwenye ngozi nzima, maji yakipita juu. Nesi aliangalia saa. Zilibaki dakika kumi na tatu, na fundi hakuwa na ruhusa ya kwenda popote.