Fundi Sikio na Nozeli Mpya

Mji mzima ulimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa suti. Aliegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kulalamika. Miaka thelathini alikuwa hajakosea. Basi asubuhi ile, alipoiwasha injini ya bintiye juu ya stendi ya majaribio pale gerejini kwake, ikagonga tik-tik-tik, roho ilimruka.

Binti mwenyewe alikuwa amekwenda kuwapokea watahini wa chuo. Miaka mitatu alikuwa ameihangaikia nozeli yake, ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kama ukungu, gari liende mbali kwa mafuta kidogo. Leo ndiyo ilikuwa inapimwa. Ikifeli, shahada hana.

Ina uchafu hii, Sikio alijiambia. Akaifungua, akachukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akazibua vitundu vyote sita, kama alivyozibua kabureta tangu ujana wake. Alipokaza nati ya mwisho, gari la wageni lilikuwa getini. Akajifuta mikono, roho kwatu.

Injini ikawaka, ikakohoa, ikatapika moshi mweusi.

"Inakunywa mafuta karibu mara mbili ya ulivyoandika," alisema mtahini mmoja, akisoma kipimo.

Binti aliizima injini. Jana tu ilikuwa inakwenda vizuri. Akaichomoa nozeli, akaiweka chini ya hadubini, akatazama, asielewe. Baba naye akachungulia. Vitundu vilivyokuwa vyembamba kama unywele vilikuwa vimetanuka, kingo zimechanikachanika.

"Na ule mlio wa tik-tik?" aliuliza Sikio.

"Ndiyo kazi yake hiyo, baba. Inajifungua na kujifunga. Usipousikia ndipo uogope."

Mtahini alishika kalamu. "Niandike kwamba nozeli haikuhimili?"

"Andika," alisema binti, machozi yakimlenga. "Kuna mahali nimekosea. Sijui ni wapi."

Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na wateja watatu walikuwa wamesimama pale wakimsubiri fundi asiyekosea. Aibu ilimchoma Sikio mpaka masikioni. Akatia mkono mfukoni, akatoa ule uzi wa waya, akauweka juu ya karatasi ya mtahini, mbele ya kalamu.

"Hajakosea yeye," alisema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. "Nimekosea mimi."