Kilomita Mia Tisa na Sitini za Jeska

Katika ukoo wetu, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka binti atamke kwa kinywa chake mwenyewe kwamba amekubali. Siku ile ng'ombe walisimama nje ya lango langu hapa Butiama, wametembezwa kutoka Mugeta, na binti yangu Jeska alikuwa angani Ulaya.

Anasomea mitambo ya meli Oslo. Likizo ilipoisha aliniambia, "Baba, neno langu nitalitoa nikifika. Njiani nitafikiri."

"Anafikiri au ametoroka?" akauliza Masanja, mshenga wa upande wa Edwin, mchumba. "Simu yake haipatikani."

Mimi nimestaafu kiwanda cha samaki Musoma. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea. Nikaleta atlasi na uzi wa nyavu, nikapima mbele ya Masanja na wazee aliokuja nao.

"Kutoka Amsterdam, anakobadilisha ndege, hadi Oslo ni kilomita mia tisa na sitini. Ng'ombe wako, Masanja, angetembea siku arobaini na nane, na baharini aogelee. Ndege ni saa moja na dakika hamsini tu. Inaruka saa nne. Saa sita kasoro dakika kumi, simu italia."

Muda ukafika. Kimya. Saa sita na robo, kimya. Masanja akanyanyua fimbo.

"Jua likishapita utosini tunawarudisha Mugeta. Asiyejibu amejibu."

Ikabidi niwashikilie kwa uongo. Nikawaambia hewa ya Ulaya huganda, rubani huikata kwanza kwa msumeno. Nikawaambia kiwandani nilikuwaga na sato aliyesafirishwa kwenye barafu akafika huko bado anapiga mkia. Wazee walicheka. Fimbo haikushuka.

Mke wangu Susana akatoka jikoni na mwiko, akachungulia karatasi ya tiketi.

"Baba Jeska, hii saa nne ni ya nani?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Ya kwao hiyo! Jua linaanza kwetu. Kwao saa nne, hapa saa tano. Miaka yote unaongea na mtoto, hilo hulijui?"

"Profesa wa uzi!" Masanja akapiga kelele, mbavu hana. "Haya, tunampa hiyo saa moja. Dakika ya ziada hapana."

Saa saba kasoro dakika kumi na moja, simu ikalia. Nikaweka spika.

"Baba, ndiyo kwanza tumetua. Bado nimefunga mkanda."

"Wazee wako hapa. Na ng'ombe."

"Nawasikia. Babu Masanja, shikamoo. Edwin namkubali. Lakini nitamaliza masomo kwanza, miaka miwili. Kama mtangoja, waingie. Kama hamtangoja, muwarudishe, sina kinyongo."

Masanja akatazama simu, kisha ng'ombe.

"Marahaba, mama. Hawa wamesimama juani wakimngoja mtu aliye mawinguni. Miaka miwili wataingoja wamelala."

Akawaswaga ndani yeye mwenyewe. Mimi nikasimama langoni, kifua mbele, utadhani hiyo ndege niliirusha mimi.