Pasta Aliyemfikisha Elsie Bremen

Jumatatu asubuhi Elsie Adongo alipokea barua pepe kutoka Bremen ikimpongeza kwa kufika Ujerumani salama. Wakati huo alikuwa mtaani Jericho, jikoni kwa mama yake, akichuja chai.

Elsie alikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu. Mwezi mzima alikuwa ameandama nafasi moja: uanagenzi wa miezi mitatu, kuanzia Juni, katika jumba dogo la makumbusho lenye maboksi ya picha za kale za Afrika Mashariki ambazo hakuna aliyejua zilipigwa wapi. Nauli na malazi, kwa gharama ya jumba. Waombaji mia mbili walikuwa wamechujwa wakabaki wawili. Sasa jumba lilisema limefurahi kusikia kwamba amekwisha kupata kazi kwingine nchini humo, na kwamba Ijumaa nafasi ingekwenda kwa yule mwenzake.

Elsie aliichimbua habari hiyo hadi chanzo chake, kama alivyofundishwa. Fomu ilitaka shahidi wa tabia asiye mwalimu, naye alikuwa amemwandika Pasta Willis, mtu pekee aliyemjua mwenye muhuri. Jumapili mbili zilizopita mama yake alikuwa amesimama kutoa ushuhuda. Katika kanisa lao muujiza hushuhudiwa kabla haujatokea, Mungu asije akapata nafasi ya kubadili nia. Mama alisema binti yake yuko Ujerumani, ana kazi, anakula vizuri. Elsie hakuwepo kukanusha. Alikuwa amelala nyumbani, jambo ambalo kwa waumini lilithibitisha safari. Kwa hiyo Bremen walipomuuliza pasta kama Elsie ni wa kutegemewa, pasta, ambaye hasemi uongo, alijibu kwamba yuko huko tayari na anaendelea vyema.

Mtaa nao ulikuwa umeshamsafirisha. Alipoingia saiba ya intaneti kuandika jibu, Griffins, mwenye duka, alimtazama juu hadi chini.

"Niaje, Mjerumani. Umeshuka lini?"

"Sijapanda."

"Acha kukufuru. Mathe wako alishuhudia kanisani."

Elsie aliwaandikia Bremen kwamba barua ya Pasta Willis ilitegemea shahidi mmoja, mama yake, ambaye hakuliona tukio kwa kuwa lilikuwa halijatokea. Akaambatisha picha yake akiwa ameshika gazeti la siku hiyo, kama mtu aliyetekwa nyara.

Bremen walimwamini. Ila bado hawakuwa na ushahidi wa tabia, na shahidi hakuweza kubadilishwa. Barua mpya ya pasta iwe imefika Alhamisi.

Mama hakuomba radhi. Alisema kama Elsie angesafiri mapema, tatizo hili lisingekuwepo.

Pasta Willis alikuwa sokoni Gikomba, kwenye karakana yake ya vitanda, maana Mungu alimwita bila mshahara. Elsie alimpa sharti moja: aandike tu alichokiona kwa macho yake. Pasta alionya kwamba hivyo barua itakuwa fupi. Akaanza kwa kusema kwamba Elsie ni mwombaji hodari.

"Uliniona lini nikiomba, Pasta?"

Pasta alifikiri, akafuta. Mwishowe alisoma kwa sauti: "Namjua tangu akiwa na miaka tisa. Huchelewa ibadani. Akifika, huandika makosa ya tarehe katika mahubiri yangu na kunipa karatasi mlangoni. Amenipa karatasi kumi na nne. Nimezichunguza zote, na alikosea mbili tu."

"Tatu," Elsie alisema. "Ile ya Nehemia pia nilikosea."

"Binti yangu, unajua unajichimbia kaburi?"

"Andika tatu."

Pasta aliandika tatu, akagonga muhuri.

Mkataba ulifika Ijumaa. Shahidi wa yule mwombaji mwingine, mratibu wa jumba alieleza, alikuwa amemsifu kurasa tatu bila kusema jambo lolote.

Jioni mama alirudi na koti zito la mtumba, la kushuka hadi magotini. Elsie alimweleza kwamba Juni huko ni kiangazi.

"Nani ameenda akaona?" mama aliuliza, akamshikia mikono ya koti avae.