Nani Alitamka Kwanza

Kazuho Urabe alikuwa na mwaka wa pili sasa akichora mapenzi ya wanawake wawili kwenye jarida la katuni linalotoka Tokyo kila mwezi, na sifa yake kubwa ilikuwa ukweli. Wasomaji walikuwa wamechoshwa na wasichana wa macho makubwa wanaoshikana vidole chini ya maua yanayodondoka, halafu hadithi inaishia hapo hapo. Wasichana wa Kazuho walikuwa watu wazima, wa miaka ishirini na kitu. Walifungasha mikate katika kiwanda kimoja mjini Morioka, walinuka hamira, waliazimana soksi asubuhi za baridi na kununiana kwa sababu ya vyombo. Mmoja wao alikuwa amempenda mwenzake na hakujua aliite nini jambo hilo, maana hajawahi kumpenda mtu kabla. Barua za wasomaji zilisema huyu dada anajua anachokisema.

Alikijua kwa kuwa kilimtokea yeye mwenyewe. Msichana wa pili wa kwenye katuni, yule mrefu wa mabega mapana, alikuwa Tomoe Iwadate, ambaye siku hizi aliendesha basi la mjini humo humo na kila jioni alirudi katika nyumba hiyo hiyo, akala chakula kile kile na Kazuho. Tomoe hakuwa na habari. Hakuwa mtu wa katuni. Alisema zinamchanganya, hajui aanze kusoma kisanduku kipi. Alipouliza hadithi inahusu nini, Kazuho alimjibu kwamba ni ya wafanyakazi wa kiwanda, na Tomoe akaridhika, akaendelea kumenya viazi.

Kazuho alikuwa na sababu ya kukwepa. Tomoe hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini. Kwenye kituo cha mabasi walimjua kama mwanamke mkimya anayeishi na rafiki yake wa zamani, basi. Ilifaa aombwe ruhusa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Lakini sura ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kadiri Kazuho alivyochelewa ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Jioni moja ya Februari Tomoe aliingia, akakung'uta theluji mabegani, akatundika koti la kazi, kisha akatoa jarida kwenye mkoba na kuliweka mezani. Lilikuwa la bibi Sasamori, dereva mwenzake aliyekaribia kustaafu, ambaye naye aliliazima kwa binti yake. Wakati wa mapumziko alimwonyesha Tomoe kisanduku kimoja, akamwambia tazama, huyu msichana anamenya chenza kama wewe, ganda lote utepe mmoja, halafu analitia mfukoni. Madereva wengine walichungulia, wakacheka, wakarudi kwenye chai yao.

"Huyu ni mimi?" Tomoe aliuliza.

"Ni wewe."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Tomoe alipasha supu, akala, akaosha bakuli lake na la Kazuho. Kisha akasema kesho yake hana zamu, kwa hiyo apewe sura zote, na hizo zilizoko juu ya meza ya kuchorea pia. Anataka kuzisoma.

Alizisoma kama mtu anayekagua gari kabla ya safari. Alikaa na miguu chini ya blanketi la meza yao fupi yenye hita, kila ukurasa akiushika kwa mikono miwili, asiruke chochote. Kazuho hakuweza kukaa. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu, akazianika ndani, akatoka kwenda kukwangua theluji mlangoni ambako Tomoe alishakwangua alfajiri. Aliporudi alijaribu kusoma uso wa mwenzake, akaambulia patupu. Akaanza kujiambia atampigia mhariri na kusimamisha hadithi. Halafu akawaza mbali zaidi, kwamba Tomoe ataomba kuhamishwa kazi, kwamba huenda atahama hata nyumba.

Mchana ulipoanza kufifia Tomoe alimwita aje akae.

"Soksi ni kweli," alianza. "Chumba kilikuwa baridi vile vile. Ugomvi wa vyombo ni kweli, ila vyombo vilikuwa vyako."

Kazuho akakubali kwamba vilikuwa vyake.

"Lakini hii hapana." Tomoe alisukuma mbele kurasa za mwisho, zile ambazo hazijaenda Tokyo bado. Ndani yake wasichana wawili walisimama darajani juu ya Mto Kitakami, mvua inanyesha, na yule mfupi, aliyekuwa na sura ya Kazuho, alimgeukia mwenzake na kumwambia kwa maneno mazuri yaliyopangika kwamba anampenda. "Nani alitamka kwanza, Kazu?"

"Wewe."

"Wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

"Sasa mbona hapa ni wewe, tena darajani, tena umenyeshewa na nywele zimekaa sawa?"

Kweli ilikuwa kwa daktari wa meno. Tomoe alikuwa na miaka ishirini na mitatu, gego la mwisho lilimsumbua mpaka shavu likavimba, na Kazuho alimsindikiza kwa kuwa Tomoe aliogopa sindano. Baada ya kung'olewa alirudi kukaa ukumbini, pamba mdomoni, nusu ya uso imekufa ganzi, mate yakimtoka. Akamshika Kazuho mkono na kusema, "Nakuhenda." Kazuho akamuuliza anakwenda wapi na hali ile. Tomoe akatikisa kichwa, akarudia, "Nakuhenda, Kahu." Kazuho akamwambia atulie, dawa hazijatoka. Mama wa mapokezi alikuwa ameshaelewa. Aliacha kuandika, akainama kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwepo. Mara ya tatu Tomoe alisema kwa sauti ya juu, machozi yanamlengalenga, na hapo tu ndipo Kazuho akasikia. Na alichojibu ni kwamba wangoje kwanza ganzi iishe.

Kazuho alijitetea. Hatakenaka, mhariri wake, alimtaka afanye sura hiyo iwe nzuri, kwani wasomaji wameingoja kwa miezi. Halafu akasema lililobaki. Kwamba naye alikuwa amempenda Tomoe kwa muda wote ule na hakuthubutu, na kila alipojaribu kuchora ukumbi wa yule daktari aliona msichana mwenye nusu mdomo akifanya lile ambalo yeye mwenye mdomo mzima alishindwa.

"Mimi maisha yangu yote ni mtu wa kungoja," Tomoe alisema. "Nangoja taa, nangoja abiria, nangoja watu waongee kwanza. Siku ile peke yake sikungoja. Na wewe umeichukua ukajipa."

Kazuho aliinamisha kichwa mpaka mezani na kuomba radhi, kwa hilo na kwa kutouliza tangu mwanzo. Kisha, kwa kuwa ndilo lililomsumbua tangu jana, akauliza kuhusu kazini.

"Ya kazini niachie mimi. Kuulizwa ulipaswa kuniuliza, na nimekasirika, na nitakasirika mpaka Jumapili." Tomoe aliinua kurasa za darajani na kuzigeuza kifudifudi. "Lakini wakinijua, wanijue kwa lile gego. Hili daraja ndilo linalonitia aibu."

Kazuho akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na alipofuta macho aligundua kwamba hakuwa anacheka tu.

Walikesha siku chache za mwisho kabla ya kurasa kutakiwa. Tomoe alijaza pamba mdomoni na kukaa kwenye kiti cha jikoni akiwa ameshika shavu, akilalamika kwamba kazi ya kuchorwa ni ngumu kuliko kuendesha basi kwenye barafu. Alikumbuka viatu vya kuvalia ndani vya kwa yule daktari, vilivyokuwa vya kijani, na samaki mmoja aliyekuwa peke yake kwenye tangi. Kazuho alichora vyote. Alichora na uso wake mwenyewe ukisema ngoja ganzi iishe, uso wa mtu mwoga, bila kuupunguza.

Hatakenaka alipopokea kurasa alipiga simu na kusema hakuna anayetaka kuona mate kwenye tamko la mapenzi. Kwa kawaida Kazuho hukubali haraka. Safari hii alimkumbusha kwamba ni yeye mhariri aliyeandika kwenye jalada kuwa hapa pana mapenzi kama yalivyo. Basi ndivyo yalivyokuwa. Hatakenaka akasema atasoma tena. Alipopiga mara ya pili alikuwa na ombi moja tu, kwamba mama wa mapokezi aongezewe kisanduku.

Sura hiyo ilipotoka Tomoe alimtafuta Sasamori kabla Sasamori hajamtafuta. Walikuwa wawili tu, wakisubiri injini zipate moto. Alimwambia yule wa kwenye katuni ni yeye, na anayechora ndiye anayeishi naye. Sasamori alifikiri kidogo, akasema alikuwa amehisi miaka mingi, maana wenzao husema mume wangu, mke wangu, na Tomoe husema tu mtu wa nyumbani, lakini kwa namna ya mtu anayewahi kurudi. Akauliza kama huyo mtu wa nyumbani anakula tambi baridi, kwa sababu binti yake anamjua mwenye mgahawa karibu na stesheni.

Kazuho alikwenda mgahawani akiwa amejiandaa kwa maswali. Hakuulizwa lolote aliloliogopa. Sasamori alieleza kwa urefu habari ya meno yake mwenyewe, binti akataka kujua kama samaki wa kwenye tangi alikuwepo kweli, na Tomoe, huku akitia kimchi zaidi, ile kabichi ya pilipili, kwenye bakuli lake, akajibu kabla Kazuho hajafungua mdomo.

"Alikuwepo. Akituangalia sisi."

Kazuho alimaliza tambi zake, akanywa supu yote, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya theluji akahisi njaa ya kweli. Akaagiza bakuli jingine.